Mkebe wa Hasira Zangu

Jumatatu, 14 Mei 1956

Idd imekwisha. Kanzu zote zimevaliwa, zile nzuri nilizoshona mimi na zile zilizoshonwa na Mwaniki. Sasa kazi ni chache na maneno ni mengi. Leo nimemkuta Mwaniki akikata kamba ya katani kwa mkasi wangu. Mkasi wa nguo! Kamba! Nilimwambia niliyomwambia. Naye akanijibu kwamba fundi asiyejua kazi husingizia mkasi. Mtu wa Embu huyu, amekuja Meru juzi tu, amepewa upande mmoja wa baraza, na tayari anatoa methali.

Mzee Warsame, mwenye duka, akatoka na mswaki mdomoni. Alisema anataka nusu ya baraza kwa magunia ya sukari. Mwisho wa mwezi atabaki fundi mmoja. Hatachagua anayeshona vizuri, maana masikio yake yamechoka. Atabaki yule ambaye sauti yake haisikiki ndani ya duka. Wallahi, alisema.

Nilinyamaza hapo hapo. Mwaniki naye akanyamaza. Tumenyamaza kwa kushindana mpaka saa kumi jioni.

Jambo si dogo. Kipande changu, kibali cha kukaa mjini wakati huu wa Dharura, kimeandikwa: Salesio, fundi wa cherehani, duka la Warsame. Baraza likienda, na kazi ya kipande imekwenda, nami narudishwa kijijini, nyuma ya waya wa serikali, kuchimba handaki asubuhi na matuta mchana. Mgongo wangu haukuumbwa kwa ajili ya jembe.

Mpango: nitakuwa mtu mtulivu kuliko wote katika Meru. Njia naijua. Nilifundishwa ng'ambo.

(Naandika kwa Kiswahili cha jeshini, maana mke wangu Karwirwa anasoma Kimeru cha kanisani tu. Kwa hiyo naweza kusema wazi: githeri ya leo, mahindi na maharagwe yake, haikuwa na chumvi.)

Jumanne, 15 Mei

Githeri ya leo chumvi tupu. Mwanamke huyu hana kipimo. Simwambii.

Habari ya njia yangu ni hii. Mwaka wa 1944 nililazwa kisiwani Seiloni kwa malaria. Karibu na hospitali ya jeshi palikuwa na mtawa wa Budha, mzee, kichwa kimenyolewa, amejitanda nguo ya rangi ya boga lililoiva. Alikuwa akija kukaa nasi wagonjwa. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, kwa hiyo tulielewana. Alinifundisha kukaa kitako na kuangalia pumzi ikiingia na kutoka. Wazo likija, nilitazame tu, nisilifukuze wala nisilikaribishe chai. Tena akanifundisha kokoto. Wazo baya, kokoto nyeusi. Wazo jema, kokoto nyeupe. Jioni uhesabu. Nilimwahidi pia kutoua, kutoiba na kusema kweli. Kisha wakanipa bunduki wakanipeleka Burma, na darasa likaishia hapo.

Miaka kumi na miwili imepita. Leo nimelifungua tena. Kokoto za huku zote ni za rangi moja, kwa hiyo nimechota njahi, zile kunde nyeusi, kwa mabaya na maharagwe meupe kwa mema. Nimepata mkebe wa zamani wa tumbaku. Kesho naanza. Mwaniki hajui kinachomjia.

Jumatano, 16 Mei

Njahi thelathini na moja. Maharagwe mawili.

Haragwe la kwanza ni kwa kumsalimu Mwaniki. La pili nilijipa kwa furaha ya kupata la kwanza.

Lakini nimeona kitu. Asubuhi nilifika mapema, nikafagia, nikakaa. Mwaniki hajafika. Nikatazama ndani, na hasira ilikuwa imekwisha kufika. Imekaa, inamngoja. Nilidhani siku zote ni yeye anayeileta, kumbe mimi hutoka nayo nyumbani kila siku pamoja na mkasi. Nilishangaa sana. Nilitaka kumwambia mtu, lakini mtu wa karibu alikuwa Mwaniki.

Alhamisi, 17 Mei

Nimekaa na pumzi yangu barazani, macho nimeyafumba, mikono mapajani. Mama Wambura wa Gakoromone alileta blauzi ya kupunguzwa. Alidhani nimezirai, akanimwagia maji. Sikusema kitu. Nilijitilia maharagwe matatu kwa mpigo.

Mwaniki aliimba nyimbo za dini kwa makusudi. Sauti yake ni kama mlango wa ghala. Njahi tisa.

Lakini! Mzee Warsame alipita, akanitazama nilivyolowa na kutulia, akasema nimekuwa kama mtu wa msikitini. Alisema kwa sauti. Mwaniki alisikia. Mshono wake ulikwenda upande kwa urefu wa kidole. Furaha yangu ilikuwa kubwa mno hata sikujua niiwekee punje gani. Baada ya kufikiri nimeweka nyeupe.

Karwirwa alicheka sana aliponiona nimelowa. Akicheka bado ni yule binti niliyemuoa Kanyakine. Sijamwambia hilo pia.

Jumamosi, 19 Mei

Jana usiku, nyama! Bila sababu yoyote. Na chumvi sawasawa.

Leo nilikuwa na mpango bora. Kutulia kwangu hakutoshi ikiwa Mwaniki naye ametulia. Lazima apige kelele, tena Mzee akiwa karibu. Kwa hiyo Mwaniki alipokwenda kunywa chai, nililegeza mkanda wa cherehani yake. Nilifanya kwa utulivu mkubwa, nikiangalia pumzi. Sidhani kuna mtu amewahi kulegeza mkanda kwa moyo safi namna ile.

Akarudi, akakanyaga. Gurudumu likazunguka bure. Akakanyaga tena. Akainama, akaona. Nikangoja. Mzee Warsame alikuwa mlangoni akihesabu masanduku ya sabuni, mahali pazuri kabisa. Mwaniki akaukaza mkanda, akafuta mikono, akatabasamu, akaendelea kushona.

Nikasikia mtu akipiga kelele kwamba huyu ni mtu wa namna gani asiyekasirika! Kumbe ni mimi.

Mzee Warsame alitikisa kichwa akaingia ndani. Njahi arobaini na nne, siku moja. Mkebe haufungiki.

Jumapili, 20 Mei

Balaa! Baada ya kanisa nimefungua mkebe kuhesabu hesabu ya juma zima. Mtupu!

Karwirwa alisema, bila haya, kwamba dada yake Nelius amejifungua huko Kinoru, na mzazi hupikiwa njahi ili apate maziwa, na gunia limekaribia kwisha, na ameona njahi safi zimekaa ndani ya mkebe pamoja na maharagwe machache, zimechaguliwa moja moja. Alifikiri nilikuwa nimemchagulia shemeji yangu. Alinisifu hata kwa mama yake.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikanyoosha mkono nichukue njahi ya kuiandikia hasira hiyo. Hakuna njahi. Amezipika zote! Nikasimama pale na mkebe mtupu, na hasira isiyo na mahali pa kukaa, na baada ya kitambo nikaanza kucheka. Karwirwa naye akacheka, ingawa hakujua ni nini.

Tulikwenda Kinoru pamoja. Vipande vyetu vilitazamwa mara mbili njiani. Nelius alikuwa ameketi kitandani na bakuli mkononi, mtoto ananyonya kwa nguvu, ngumi zimekunjwa. Nilimtazama akimeza. Mkasi, methali, nyimbo, mkanda, vyote vimekuwa maziwa. Sijafurahi hivyo kwa muda mrefu. Sikuweka punje yoyote, nilisahau.

Jumanne, 22 Mei

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Nimeanza mkebe mpya jana. Leo saa nne homgadi wawili, wale walinzi wa serikali, walikuja kukagua vipande. Mmoja mwenye masharubu aliuona mkebe. Akaumwaga juu ya cherehani yangu. Njahi kumi na tatu, haragwe moja. Akauliza kwa nini fundi wa nguo anahesabu njahi. Akasema waasi huko msituni huhesabu watu wao kwa njia za ajabu, waliokula kiapo, waliopeleka chakula. Akataka kujua kila punje ni nani.

Niliahidi kusema kweli. Nikasema: Mwaniki.

Zote?

Zote, afande. Haragwe tu ndilo shemeji yangu Nelius.

Ilikuwa kweli tupu, na tazama kweli ilichofanya! Wakanigeuzia mgongo. Wakamgeukia Mwaniki, wakamwuliza amefanya nini mara kumi na tatu. Wakamsimamisha. Lori lao lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, mlango wa nyuma wazi.

Hapo wazo likanijia. Nililiona likija, wazi kabisa, kama mteja anayevuka barabara. Lilisema: nyamaza. Nyamaza tu, Salesio, wewe uliyejifunza kunyamaza. Jioni baraza lote ni lako.

Mwaniki alikuwa bado ameshika suruali ya mtoto wa shule, sindano imening'inia kwenye uzi. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama cherehani yake. Nikafahamu kwamba juma zima sijajiuliza yeye angekwenda wapi akikosa baraza. Ni kule kule kwenye waya na handaki, ila wake uko Embu. Tena ana mama mzee. Nilijua ana mama, aliniambia siku alipofika, nami nikajibu habari ya vifungo.

Nikaogopa sana. Ndipo nikasema yote, punje kwa punje. Njahi ya kwanza ni mkasi wangu, maana niliukumbuka tena. Ya pili, amekohoa wakati napiga hesabu ya kiuno. Ya tatu, amepata mteja mnene. Ya saba, kofia yake ni nzuri. Nilipofika ya tisa homgadi mwenye masharubu alikuwa ameanza kuuma mdomo. Nikaongeza habari ya mkanda wa Jumamosi, ingawa ni ya mkebe ule uliopikwa. Mzee Warsame alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno. Watu wa sokoni nao walikuwa wamekusanyika.

Homgadi yule akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema wazimu si kosa la Dharura. Akazichukua njahi zangu kama ushahidi, akala mbili mbichi, akazitema, wakaondoka.

Mwaniki alikaa, akapiga mshono mmoja. Mzee Warsame akarudi ndani ya duka. Basi, baraza nimelipoteza, na ni mimi mwenyewe niliyelipoteza kwa mdomo wangu. Ajabu ni kwamba nimekula vizuri na sasa nina usingizi.

Alhamisi, 24 Mei

Mwezi mpevu leo. Mtawa aliniambia mwezi mpevu wa Mei ni sikukuu yao kubwa.

Nimekuta mkasi wangu umenolewa. Unakata hariri kwa kuitazama tu. Mwaniki alijifanya anatafuta sindano.

Nikaingia kwa Mzee Warsame, nikamwambia baraza limfae Mwaniki, mimi nitarudi kijijini. Nilisema kwa moyo wote, na machozi yalikuwa karibu. Mzee akaguna. Akasema ameyasikia maneno hayo hayo asubuhi ile, kutoka kwa Mwaniki, ila Mwaniki alisema abaki Salesio.

Nilitoka nikamwuliza Mwaniki kwa nini ametangulia. Akasema ni haki yake, ndiye aliyetendewa. Nikasema mimi ndiye mkosaji, kwa hiyo kuondoka ni kwangu. Akasema mimi napenda kujionyesha. Nikamwambia hawezi kunizidi kwa wema katika baraza nililomtangulia kwa miaka mitatu! Akatupa kofia chini. Nikatupa futi yangu ya kupimia. Nadhani tulisikika mpaka Gakoromone.

Mzee Warsame akatoka ameshika kichwa. Akaapa kwamba heri alale juu ya magunia ya sukari kuliko kuamua shauri hili. Yatakaa ndani, chumbani kwake, na sisi tubaki wote wawili, lakini akisikia mmoja wetu akijitolea tena, atatufukuza pamoja.

Tumebaki! Vipande vyetu vinabaki vile vile. Tumekunywa chai kutoka birika moja, na Mwaniki akaniuliza habari ya kokoto. Nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, na nikaona kwamba hasira leo haikunitangulia kazini.

Karwirwa amesema leo, hata hatukuwa na mazungumzo ya namna hiyo, kwamba yeye bado ni yule yule wa Kanyakine. Sijui hujuaje mambo.

Jumamosi, 26 Mei

Mwaniki ameleta mkebe wake. Mkubwa kuliko wangu.

Tunakaa na pumzi pamoja, nusu saa kabla ya kufungua. Watu huja kututazama, kisha wanaacha nguo za kushonwa, na Mzee Warsame ametupa mkeka. Baraza ni safi, mvua imetulia, mlima uko wazi mpaka theluji. Sina ninalolalamikia.

Ila hili. Jana jioni tulihesabu. Mimi maharagwe manne. Mwaniki kumi na moja. Kumi na moja! Mwanafunzi wangu! Amenifikia wapi, amenipita wapi? Na alivyosema idadi ile! Kwa upole, macho chini, bila kiburi hata kidogo. Mtu mwenye hila.

Leo alipokwenda kunywa chai nilikaa kimya, nikaangalia pumzi ikiingia na kutoka. Wazo likaja. Nililitazama bila kulifukuza, kama nilivyofundishwa. Kisha, kwa utulivu mkubwa, nilidondosha njahi tisa ndani ya mkebe wake.

Mtawa alisema tuseme kweli, na hapa nimeisema yote. Nimejitilia moja nyeupe.