Siku Benchi Liliponyamaza

"Mgeni kapigwa," alisema Redio, hata makalio hayajafika kwenye benchi.

Redio ni dereva wa lori aliyestaafu. Jina hilo alipewa kwa sababu ukimwasha asubuhi humzimi mpaka betri ijifie yenyewe. Na benchi lilikuwa la Fundi Soli, mshona viatu, limeegemea kibanda chake, likitazamana na geti la kijani ng'ambo ya barabara. Ndani ya geti hilo aliishi mama mmoja mgeni, mhandisi wa kuchimba visima. Nje ya geti alitakiwa awepo mlinzi wake, Komeo, lakini Komeo asubuhi zote alikuwa benchini, na ukimuuliza anakwambia geti huonekana vizuri ukiwa mbali nalo.

Habari ile ilimfanya Komeo aweke kikombe chini.

"Mgeni gani?"

"Tulia, si wako. Ni yule wa upande wa mtoni, anayechora ramani. Vijana wawili na pikipiki. Rungu la kichwa, begi likaenda, yeye akabaki. Wamemshona hospitali kichwa chote kama mpira."

"Maskini, pole yake," alisema Bi Moto, muuza kahawa, mama ambaye ulimi wake uliunguza kuliko birika lake.

"Pole keshapewa na vituo vyote vya habari," alisema Fundi Soli, uzi mdomoni. "Mimi mwaka jana niliporwa kiatu cha mteja mkononi mwangu, na sindano imo ndani. Nani alinitangaza?"

"Kiatu kimoja?"

"Kimoja."

"Basi hapo wa kupewa pole ni mwizi."

Wakacheka. Fundi Soli naye alicheka, kisha akakunja uso, maana hasara ilikuwa yake. "Nacheka lakini naumia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni kaja, wenyeji hatujapona, na mgeni mwenyewe kalazwa."

Redio akatoa simu. Mpwa wake alifanya usafi katika ofisi moja ya wageni, na kila kilichobandikwa ukutani kule kilifika kwa mjomba kikiwa kimetafsiriwa. "Sikilizeni onyo walilopewa. Wageni wote wasitembee kwa miguu baada ya jua kuzama. Wasivae saa za kung'aa. Wasizoee njia moja. Na wajiepushe na mahali ambapo wanaume hukaa kwa makundi bila kazi inayoeleweka."

Benchi lilitazamana.

"Hao ni nyinyi," alisema Bi Moto. "Wamesema wanaume, mimi simo."

"Mimi nina kazi," alisema Fundi Soli, akainua kiatu juu kama shahidi mahakamani. "Asiyeeleweka ni Redio."

"Mimi nimestaafu."

"Kustaafu si kazi."

"Ungejua kunavyochosha usingesema."

Komeo hakucheka. Alikuwa amekaa na dukuduku tangu alfajiri, na sasa lilimtoka. "Jamani, hili jambo limenifika. Baada ya huyo mtu wa ramani kupigwa, kampuni ya mama wamepata hofu. Leo mchana anakuja bwana wa usalama kukagua mtaa. Akisema hapafai, mama anahamishiwa kule kwenye majumba ya ukuta mrefu, na kule wana walinzi wao na mbwa wao. Mimi nitabaki nalinda geti lisilo na mtu. Mnajua nilivyosota kabla ya kazi hii. Mke wangu alishaanza kuniita 'ndugu mpangaji.'"

Walilijua lile jina la mpangaji. Kwenye benchi hilo hilo walikuwa wamelicheka mwezi mzima.

Aliyejibu ni Pasipoti, fundi cherehani, mtu wa maneno machache ambaye zamani aliishi ughaibuni akiosha vyombo. "Mnawacheka wageni kwa kuogopa. Mimi nimekuwa mgeni. Usiku niliegemeza kiti mlangoni ndipo nikalala. Vijana walinifuata mpaka kituo cha basi wakaniuliza narudi kwetu lini. Nikawajibu kesho, na nauli ya kesho sikuwa nayo. Mmoja akanivunjia chupa hapa." Akageuza kichwa wakaona kovu nyuma ya sikio, ambalo miaka yote walidhani ni la kinyozi. "Mama yangu alikuwa akipiga simu namwambia watu wa huku ni wakarimu mno."

"Redioni walikutangaza?" aliuliza Fundi Soli, safari hii kwa upole.

"Mimi? Polisi waliniuliza chupa ilikuwa ya nani."

Bi Moto akamwongezea kahawa bila kuombwa, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Basi wewe ndiye mtaalamu," Komeo akamvamia. "Niambie huyu bwana akija aone nini."

Pasipoti akafikiri kwa uzito wote wa mtu aliyevuka mipaka. "Kule watu wa heshima hawapigi kelele. Ukipaza sauti barabarani, madirisha yanafungwa. Mkitaka mtaa uonekane salama, kaeni kwa adabu. Nyoosheni migongo, fungeni vifungo, na msiseme neno."

"Hata moja?" aliuliza Redio.

"Hata moja."

"Mpaka lini?"

"Umeshaanza."

Kwa ajili ya Komeo wakakubali. Fundi Soli akapaka rangi viatu vya wote, pamoja na vya Redio ambavyo rangi ilikuwa ndiyo inayovishikilia. Pasipoti akawafunga vifungo mpaka cha shingoni. Bi Moto akajifunga kilemba upya, akakaa mwisho wa benchi, akampa Redio kahawa ya moto aiweke mdomoni asiimeze. Komeo akavuka barabara, akasimama getini kama mlingoti, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Mtaa ukanyamaza. Unyamavu ule ulimshangaza hata kuku wa jirani, akasimama katikati ya barabara, akageuza shingo huku na huku, akarudi alikotoka.

Gari jeupe likaja. Akashuka bwana mmoja mwenye miwani nyeusi na fulana ya mifuko mingi, mifuko mpaka mgongoni, ya kuwekea nini Mungu ndiye ajuaye. Akatazama ukuta, akatazama nyaya, akatazama taa. Kisha akageuka akaliona benchi.

Watu wanne, wamepangwa mstari mmoja, mikono magotini, vifungo mpaka kooni, kimya, macho yote yametulia kwenye geti.

Bwana yule akavua miwani.

Komeo naye akatazama kule alikotazama bwana yule. Watu wale aliwajua mpaka madeni ya kahawa, lakini walivyokaa pale, wamejaa rangi ya viatu na ukimya, walikuwa kama wanaongoja ishara. Mkono wake mwenyewe ulikwenda kwenye komeo la geti, ukataka kufunga.

Bi Moto akaona mambo yanaharibika. Akanong'ona bila kufungua midomo, "Tabasamuni." Wakatabasamu wote wanne kwa pamoja. Kahawa ikamchuruzika Redio kidevuni, nyeusi.

Bwana wa usalama akarudi hatua moja nyuma, akaingiza mkono mfukoni, mmoja wa ile mingi, akaanza kusema kwa haraka kwenye simu.

Hapo mama mwenyewe akatoka. Wakazungumza kwa lugha yao, yule bwana ananyoosha kidole benchini, mama anatikisa kichwa, naye uso wake umebadilika. Komeo lugha ile hakuijua, lakini hofu haihitaji mkalimani. Mama akamgeukia.

"Komeo, amekufa nani?"

"Hajafa mtu, mama."

"Basi kuna baya gani? Tangu nimeamka sijasikia mtu kumwambia mwenzake hana akili."

Kiswahili cha mama kilikuwa hivyo, na kosa halikuwa lake. Meza yake ya kazi ilikuwa dirishani, benchi lilikuwa ng'ambo, mbele ya dirisha hilo, na somo liliingia lenyewe kila siku bila mwalimu kujua kwamba anafundisha. Alitamka vizuri sana. Ila aliamini kwamba "huna hoja, kaa chini" ni namna ya kumkaribisha mtu kiti, na ofisini kwao wakubwa wawili walikuwa wameshakaribishwa hivyo.

"Wamenyamaza kwa heshima, mama. Kwa ajili ya mgeni."

Mama akashika nguzo ya geti. "Komeo, nisikilize. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa kule kwenye ukuta mrefu. Kimya, kimya sana. Waliingia mchana, wakanifunga mikono, nikapiga kelele mpaka sauti ikaisha, hakuna aliyesikia, kwa sababu kila mtu ana ukuta wake. Hapa nasikia benchi linagombana, najua barabara ni nzima. Jana nilimwambia huyu bwana: njoo uwasikie mwenyewe. Wakigombana, nabaki. Wakinyamaza, ujue kuna jambo, tutahama." Akalitazama benchi. "Na wamenyamaza."

Komeo hakungoja amalize. Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto.

"Gombaneni," aliwaambia, anahema.

"Nini?"

"Gombaneni. Anataka kelele. Mama anataka kelele zenu, kelele ndiyo ulinzi wake. Anzeni."

Redio akameza kahawa iliyokwishapoa. "Tugombane kuhusu nini?"

"Chochote. Mnakosaje la kugombania nyie?"

"Fundi, chagua wewe," alisema Redio.

"Hapana mzee wangu, chagua wewe."

"Siwezi kukutangulia, benchi ni lako."

Komeo alishika kichwa. "Redio, si jana ulisema barabara hii ilijengwa kinyume, na Fundi akakuita mzushi?"

"Nimelala nalo," alisema Fundi Soli. "Nimeona ana hoja."

"Hata mimi naona ana hoja," alisema Pasipoti.

"Ahsanteni, ndugu zangu," alisema Redio, na kwa kweli aliguswa.

Ng'ambo, bwana wa usalama alikuwa anamfungulia mama mlango wa gari.

"Miaka yote hii," alisema Komeo, "mnanitoboa masikio bure. Leo siku moja nimewahitaji, mmekuwa maharusi. Nikienda nyumbani nitamwambia nini mke wangu? Kazi imeisha kwa sababu marafiki zangu wameelewana?"

Hilo liliwachoma. Wakajikakamua. Ukiwaona ungedhani wanatafuta chafya iliyopotea.

"Aanze Redio," alisema Bi Moto. "Ndiye mkubwa."

"Mkubwa kwa nani? Fundi kanizidi."

"Nimekuzidi mimi?" Fundi Soli akaweka kiatu chini. "Mvi zako zina wajukuu, wewe. Nilipokuwa nanyonya ulikuwa unaendesha lori."

"Lori nilianza nikiwa mdogo."

"Lori la udongo wa kuchezea?"

"Tufuate utaratibu," alisema Pasipoti. "Aanze aliyeleta habari asubuhi."

"Utaratibu?" Bi Moto akasimama. "Aanze aliyeleta wazo la kunyamaza. Tumekaa hapa kama meno ya bandia kwa sababu yako. Umeosha sahani za watu mpaka ukaosha na akili."

"Usiniguse ughaibuni kwangu."

"Kwako? Si walikuuliza unarudi lini?"

"Na kahawa yako ile iliyonimwagikia," Redio akafungua kifungo cha shingo, "leo nimekaa nayo mdomoni muda wote huo ndiyo nikajua haina kahawa ndani."

"Haina nini?"

"Kwanza mtu anayeitwa Redio kwenda hewani hajui, anataka aanzwe na fundi wa viatu," alisema Fundi Soli, naye sasa alikuwa juu ya benchi, kiatu kimerudi mkononi. "Mimi siwezi kuanza, nimesema siwezi, na atakayeniambia nianze hana akili."

"Asiye na akili ni wewe unayepanda benchi lako mwenyewe na misumari chini."

Madirisha ya mtaa yakafunguka, moja baada ya jingine. Muuza mkaa akasimamisha baiskeli. Jirani wa kushoto akatoka na mswaki mdomoni, akauliza kuna nini, na kabla hajajibiwa akachukua upande wa Redio. Vijana wawili wenye pikipiki waliokuwa wamesimama pembeni, ambao hakuna aliyejua walifika saa ngapi wala wanamngoja nani, walitazama umati unavyokua, wakawasha, wakaondoka.

Komeo alirudi getini, jasho linamtiririka. Mama alikuwa na mguu mmoja garini na mguu mmoja chini, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza wimbo wa kwao. Bwana wa usalama akamuuliza jambo.

"Anauliza wanagombania nini," alisema mama.

"Wanagombania nani aanze kugombana, mama."

Mama akatafsiri. Bwana akaomba atafsiriwe tena. Mama akatafsiri tena, safari hii kwa kicheko, akatoa ule mguu garini, akausimamisha chini karibu na mwenzake.

"Basi ni wazima," alisema. "Mimi sihami." Akamgeukia bwana wa usalama, akamwonyesha kiti cha Komeo kilichokuwa kivulini, akamwambia kwa Kiswahili safi na kwa heshima zake zote, "Huna hoja, kaa chini."

Bwana akakaa. Alilitazama benchi, akavaa miwani yake, akauliza tena, pole pole.

"Anataka kujua," alisema mama, "wataendelea mpaka lini."

Komeo akatega sikio. Redio kwa matusi alikuwa ameshafika kwa babu yake Fundi Soli, na Bi Moto alikuwa anatafuta birika.

"Mwambie anywe maji, mama," alisema. "Hata kwenye mpira hawajafika."