Shuka la Jirani na Mawaridi Meupe

Jumatatu, 4 Machi
Sebuleni kwa mama mkwe kuna msumari mtupu. Jumamosi atachagua picha ya maua ya kutundika pale. Tunashindana wawili: mimi, mchoraji, na Bwana Kamera, mume wa shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kubonyeza kitufe. Masikini! Nimenunua mawaridi meupe, nikayaweka kwenye jagi dirishani. Mwanga ukaingia taratibu, ukapenya petali moja moja. Nikazama. Chai imepoa, sijachora kitu. Siku tamu mno.

Jumanne, 5 Machi
Balaa! Jirani ameanika shuka la pinki mbele ya dirisha langu. Mawaridi meupe yote yamegeuka rangi ya waridi! Nikatoka mbio kumwambia aliondoe. Akasema kamba yake, shuka lake, na jua si la mtu. Tumebishana mpaka akachoka, akalianua. Bwana Kamera alikuwa amekuja kurudisha mwavuli, nikamwacha chumbani peke yake. Nilimkuta anatabasamu. Zuzu.

Jumatano, 6 Machi
Nimechora. Yametoka kama mayai ya kuchemsha ndani ya jagi! Nikafumba macho, nikayaona ya jana: yenye haya kidogo pembeni, yenye moto kidogo katikati. Yalikuwa mazuri, jamani. Nimeumia. Nikaenda kumsihi jirani alianike tena lile shuka. Akasema limeshakauka, na mimi nikapumzike.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu! Nimemtembelea jirani, nikamwaga chai juu ya shuka, eti kwa bahati mbaya. Lazima lifuliwe, lazima lianikwe. Akanikabidhi mimi beseni. Sawa! Nikatia dawa ya madoa, nikaongeza, nikaongeza tena. Limetoka jeupe pe.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemlipa jirani shuka jipya. Nilimbembeleza achague la pinki. Akachukua la kijani, makusudi, akalianika palepale. Kesho ndiyo kesho. Nimechora nilichokiona.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe amenikumbatia. Akasema mkwe wake amemchorea kabichi nzuri ajabu, akaipeleka picha jikoni. Kwenye msumari ametundika ya Bwana Kamera: jagi langu, dirisha langu, mawaridi yangu, yote yakiwa na pinki ile ya Jumanne. Nimeitazama mpaka machozi yakanitoka. Ni nzuri, mwizi yule!

Nikajificha jikoni na kabichi zangu. Alasiri jua likapita kwenye pazia la njano, na kabichi zikawaka dhahabu. Dhahabu! Nikasahau hata msumari. Tatizo, pazia lina doa dogo, linakata mwanga. Nimejitolea kulifua. Ile dawa bado ipo, nusu chupa.