Viazi vya Ntalikwa Kwenda Ng'ambo

Jumatatu, 2 Juni

Uamuzi umefanyika. Nitapeleka viazi lishe vya kijiji cha Ntalikwa nje ya nchi. Vibichi, vyenye maganda yake, vya rangi ile ya machungwa ambayo, kwa mujibu wa kila nilichosoma, Ulaya inaililia. Huenda haililii. Lakini imeonyesha dalili.

Sababu ya haraka yangu si Ulaya bali Mjomba Alois. Amefungua duka la pili la vifaa vya ujenzi hapa Tabora mjini na anatafuta mtu mwaminifu wa kukaa kwenye kaunta. Mama ameshamwambia kwamba mtu huyo ni mimi. Digrii ya historia, halafu nipime misumari! Nimeomba muda. Mama, baada ya kuguna sana, amekubali: nikipata mnunuzi anayeondoka na mzigo wangu kabla ya Juni kwisha, niko huru. Nisipompata, misumari.

Jina la biashara: Njia ya Misafara. Tasnifu yangu ilihusu wapagazi waliotoka hapa Unyanyembe kwenda pwani, kwa hiyo nadhani nina haki nalo. Nembo nimeichora mwenyewe na kuichapisha kwenye stika: mpagazi, mzigo begani, anatazama mbele kwa matumaini. Binamu yangu Leodgar, anayezunguka vijijini na pikipiki akinunua na kuuza asali, aliitazama akauliza huyo mtu anakimbizwa na nani.

Nikamnyang'anya stika. Hakusoma zaidi ya kidato cha nne. Hili silisemi kwa dharau. Pengine kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Mnunuzi amepatikana! Bi Mwanamkuu, wakala wa kampuni moja ya Dar inayosafirisha mazao mabichi. Jumamosi ya wiki ijayo atapita Tabora akielekea Kigoma, na yuko tayari kufika Ntalikwa kuona mzigo. Aliuliza kwa simu kama mzigo upo. Nikasema upo. Kwa maana pana ya neno, ulikuwepo. Ulikuwa ardhini.

Ijumaa, 6 Juni

Ntalikwa kwa bodaboda. Vumbi hadi kwenye meno.

Shangazi Recheli ni mwenyekiti wa kina mama wa kanisani kwao, na kina mama hao wana shamba la pamoja la viazi. Ndiyo mavuno yao yote ya mwaka. Nilisimama mbele yao nikijua uzito wa jambo hilo, na nikazungumza kwa utaratibu. Niliwaeleza kwamba mzigo huu utasafiri mbali kuliko mzigo wowote uliowahi kutoka Ntalikwa: lori hadi Dar, kisha meli, kisha majuma kadhaa baharini. Kiazi kimoja kikioza njiani, nikasema, kimeozesha jina letu sote. Wavichimbe, wavisafishe, wavitengeneze kwa safari.

Neno "vibichi" sikulitamka. Kumwambia mkulima kwamba kiazi cha kuuza ni kibichi niliona ni kumdharau.

Shangazi aliishika stika yangu akaitazama kwa muda. Akauliza kama kweli ni safari ya namna ile, ya huyu mpagazi. Nikasema ndiyo, hasa ya namna ile. Wakatazamana. Akasema basi nirudi mjini nikalale, kwao hilo si jambo geni, ila watahitaji kuni.

Kuni za nini sikuuliza. Kiongozi bora hafuatilii kila kitu. Au hufuatilia, maandiko niliyosoma hayaafikiani.

Jumatatu, 9 Juni

Siku nzima mjini nikitafuta makasha ya plastiki. Nimeazima ya kubebea mkate. Yananukia vizuri.

Jioni Leodgar amepita akitokea Ntalikwa. Amesema mabati yote ya kule yamegeuka rangi ya machungwa, na kwamba Shangazi ameketi katikati ya uwanja na fimbo akifukuza kuku. Kisha akacheka hadi akaegemea pikipiki. Nikamwuliza kinachomchekesha. Akasema, "Hamna kitu, dada. Mzigo wako unaendelea vizuri."

Nimelipima jambo hili kwa haki. Maelezo ya kwanza: Leodgar anasema kweli. Maelezo ya pili: Leodgar ana wivu, kwa kuwa asali yake haijawahi kuvuka Morogoro. Maelezo ya pili yana ushahidi mwingi zaidi. Mabati hubadilika rangi kwa kutu.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia Shangazi. Ana furaha kubwa. Kazi imekwisha, mzigo umefungwa, stika zimebandikwa. Anasema umekuwa mwepesi hata yeye mwenyewe anabeba gunia. Anasema hautaoza hata ukienda Ulaya ukarudi.

Nilikata simu nikiwa na shaka ndogo. Kiazi hupunguaje uzito? Nilitembea chumbani nikiwaza, na jibu likaja lenyewe: udongo. Wameviosha! Nimewahi kuwafikiria vibaya kina mama hawa, na leo nawaomba radhi humu, mahali ambapo hawataisoma.

Jumamosi, 14 Juni

Bi Mwanamkuu alifika kwa gari la kukodi. Mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kutazama saa. Akamwamkia Shangazi shikamoo, akaitikiwa marahaba na kina mama wote kwa pamoja, kana kwamba walifanya mazoezi. Walikuwa wamevaa sare za kwaya. Leodgar naye alikuwepo, eti amepita kusalimia.

Nilitoa hotuba fupi kuhusu njia ya misafara. Nikamwomba Shangazi afungue mzigo. Akakata kamba ya gunia la kwanza kwa madaha.

Matobolwa.

Viazi vimechemshwa, vimekatwa vipande, vimeanikwa juani hadi vikakauka vikawa vigumu kama soli. Gunia la pili: matobolwa. La tatu nilisihi lisifunguliwe. Likafunguliwa. Kila gunia na mpagazi wangu kifuani, akitazama mbele kwa matumaini.

Nikamwuliza Shangazi, kwa sauti ambayo sikuitambua, viazi viko wapi. Akashangaa. Akasema si hivi hapa? Akasema mimi mwenyewe nilitaka mzigo wa safari ndefu, na usioze. Nikamletea na picha ya mpagazi. Akauliza mpagazi gani aliwahi kubeba viazi vibichi kwenda pwani, si angefika na maji ya viazi? Babu zetu, akasema, walitafuna haya haya njiani. Kina mama wakaitikia kwa vigelegele.

Kwa bahati mbaya ni kweli. Ni sura ya nne ya tasnifu yangu.

Wakati huo Bi Mwanamkuu alikuwa ametia kipande mdomoni. Shangazi akamshauri asikilazimishe, akiache kilainike chenyewe. Akaketi kwenye mkeka. Akala cha pili. Akauliza kama kuna chai. Ikaja. Akauliza matobolwa hukaa muda gani bila kuharibika, na Shangazi akasema hadi mavuno mengine, kama wajukuu hawajayaona. Akala cha tano. Akasema hajui kama ng'ambo watayapenda, lakini anawajua Watanzania walioko huko, na hao watalia machozi. Angependa kuondoka na mzigo wote, leo.

Hapa ndipo nilipolazimika kuingilia kati.

Nilimweleza kwa heshima kwamba Njia ya Misafara ni biashara ya mazao mabichi. Kwamba kilichotokea ni hitilafu. Kwamba mtu aliyeahidi kiazi kibichi akauza kikavu ameanza biashara kwa udanganyifu, na mimi sitaanza hivyo. Naomba wiki tatu, nikasema, tutachimba vingine.

Shangazi akanikumbusha kwamba vingine havipo. Kisha akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Bi Mwanamkuu akatazama saa. Akauliza, kwa upole tu, kama mwenye mzigo ni mimi au ni kina mama. Kina mama wakasema ni wao. Akauliza basi nani atausogeza hadi stesheni ya treni, uende Dar. Leodgar akainua mkono kama mwanafunzi aliyengoja swali hilo tangu asubuhi. Kamba alikuwa nazo tayari.

Nimerudi mjini na makasha ya mkate. Matupu.

Huenda nilikosea. Nimeliangalia jambo kutoka pande zote njia nzima, na kila upande naona msimamo wangu ulikuwa sahihi na matokeo ndiyo yaliyokosea.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya pili dukani kwa Mjomba Alois; Mama hakungoja Juni iishe. Nilijaribu kumweleza Mama kwamba mnunuzi alipatikana na mzigo ukaondoka, kama tulivyoafikiana. Akasema ndiyo, umeondoka na Leodgar. Misumari ina saizi nyingi kuliko nilivyodhani.

Leodgar ameingia kununua kamba zaidi. Anasema Bi Mwanamkuu amepiga simu, anataka shehena ya pili, na vijiji vya jirani vimeanza kuchemsha. Akaniita mhudumu. Akataka risiti. Nilimwandikia kwa hati nzuri.

Nimetumia saa ya mchana, wateja wakiwa wachache, kutafuta kwa uaminifu mahali nilipokosea. Sitaki kuwa mtu anayewalaumu wengine. Na nimepaona: kosa lilikuwa zao lenyewe. Kiazi ni kizito. Kina mama walishawishika kukipunguza uzito, jambo la kibinadamu kabisa. Basi suluhisho ni zao ambalo ni jepesi tangu shambani, lisilomshawishi mtu kulifanya lolote.

Majani ya kunde! Mabichi, laini, kutoka bustani za bondeni. Stika zimebaki nyingi. Juni haijakwisha.

Nimempigia Shangazi papo hapo. Nashukuru hana kinyongo. Safari hii nimekuwa wazi kabisa: mzigo unakwenda mbali sana, meli, majuma mengi baharini, na jani moja likioza tumekwisha. Akauliza kama ni safari ile ile ya mpagazi. Nikasema ile ile. Akasema basi nimekua, sasa naongea kama mtu wa nyumbani. Hakuwa na swali lingine. Ameomba tu nimletee turubai kutoka dukani, zile kubwa, kadiri nitakavyopata, na niombe Mungu mawingu yasije.

Nimeziweka kando turubai sita. Nadhani ni za kuyakinga majani na jua.