Mgeni wa Kaunda Suti Kwenye Darasa Langu la Yoga

Jamani, leo sina pa kuficha uso wangu.

Ni Jumamosi jioni na nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu mwenyewe hapa Makongeni. Mlango umefungwa kwa ndani. Majirani wanapita kuchota maji na kila mmoja anajifanya hanioni (mfereji wetu haujawahi kuwa na wateja wengi hivi). Wacha niwaandikie nyinyi kabla wao hawajawasimulia.

Mnajua kila Jumamosi mchana mimi hufundisha yoga kwenye ukumbi wa estate. Nilifundishwa na msimamizi wangu wa stoo kule reli, mzee wa Kihindi, wakati mgongo uliponigomea kwa kubeba masanduku. Alinionyesha kupumua na kujinyoosha katikati ya marobota, na mgongo ukapona. Alipohamia ng'ambo, nikaona ni uchoyo kukaa na dawa hiyo peke yangu. Sasa nina wanafunzi sita.

Kuwafundisha watu kukunja mgongo si kazi. Kazi ni kuwafundisha kufunga macho. Mtu wa huku kwetu Eastlands hafungi macho yote mawili, hasa kama ameacha viatu vyake mlangoni. Mimi mwenyewe husema "fungeni macho" huku langu moja liko wazi, na si kwa sababu ya viatu tu. Siku hizi watu wachache wakikutana mahali bila kibali, kuna mtu atataka kujua wanapanga nini. Nami nyumba yangu ni ya reli. Kazi ikienda, nyumba imeenda, na godoro linatolewa nje siku hiyo hiyo.

Basi leo tuko katikati ya kupumua, mlango ukafunguka. Akaingia mzee mmoja mnene, kaunda suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Simjui.

"Karibu, mzee," nikamwambia.

"Asante. Nimekuja kutazama tu. Nyinyi endeleeni."

Kutazama tu. Nani huja kutazama watu wakipumua?

Hakuvua viatu. Alitazama dari. Akahesabu madirisha kwa kidole. Akaenda mpaka mlango wa nyuma, akausukuma aone kama unafunguka. Njoroge, ambaye ana bucha pale Soko la Burma na huja darasani kwa ajili ya shingo yake, akanong'ona, "Mwalimu, huyo ni karao. Cheki viatu." (Huyo ni mtu niliyemwambia afunge macho.)

Askari kanzu, na kiongozi wa mkutano ni mimi. Maneno yangu ya kila Jumamosi yakaanza kunisikikia vibaya. Huwa nasema, "Tupumue sote kwa pamoja." Leo nikasema, "Kila mtu apumue kivyake." Huwa nasema, "Toeni nje kila kitu kinachowasumbua." Leo nikasema, "Toeni kinachowasumbua, kama kipo, ingawa kwa jumla mambo ni mazuri sana."

Mama Awino wa mstari wa mbele akafungua macho. "Mwalimu, leo tunafanya mazoezi ama tunangojea mkubwa?"

"Lala chini, mama. Miguu juu."

Nikawaweka wote kwenye ule mkao wa kulalia mabega na kuelekeza miguu darini. Niliona mtu aliye katika hali hiyo hawezi kushukiwa kwamba anapanga lolote. Tena hawezi kuongea.

Mzee akanisogelea.

"Hii hall inaweza kuingia watu wangapi?"

"Sisi ni wachache tu, mzee. Wachache sana."

"Hapana, ikijaa."

"Haijawahi kujaa. Hatutaki ijae."

Akanitazama. "Na kelele ya hapa inafika nje?"

"Hakuna kelele. Hatusemi kitu. Hata leo hatujasema kitu."

"Ufunguo hukaa na nani?"

Nikamtaja mwangalizi wa ukumbi, jina lote na nambari ya nyumba. Wakati huo ningemtaja hata mama yangu mzazi.

Halafu mzee akageuka, akaitazama ile miguu yote hewani. "Na hawa ni watu yako?"

Hapo, jamani, ndipo nilipoliona godoro langu likiwa nje. Nililiona kabisa, na sufuria zetu juu yake.

"Siwajui," nikasema.

"Huwajui?"

"Nimewakuta hapa. Mimi nilikuwa napita tu." (Nilikuwa nimevaa kaptura na fulana, miguu mitupu.)

Mzee akanyoosha kidole kwa mwanamke wa mwisho, karibu na ukuta, aliyelala juu ya blanketi la buluu. "Hata huyu mama? Mbona anakuangalia hivyo?"

Mama mwenyewe ni Rispa. Mke wangu. Blanketi ni la kitanda chetu.

"Huyo ndiye simjui kabisa."

Miguu ya Rispa ikashuka polepole. Sijawahi kuona mwanafunzi akishusha miguu vizuri vile, bila papara, bila kishindo, kama ninavyofundisha siku zote na hakuna anayenisikia.

Mzee akashusha pumzi, akatabasamu. "Afadhali. Nilidhani ni kikundi kimeshachukua hii hall. Binti yangu anaolewa, natafuta mahali pa karamu. Kutakuwa na bendi, ndiyo maana nauliza kelele. Na chakula lazima kipite mlango wa nyuma."

Nikageuka kulitazama blanketi la buluu.

"Sasa kwa vile haina wenyewe," akaendelea, "wacha niende kwa huyo mwangalizi nichukue Jumamosi zote mpaka siku ya harusi. Kamati nayo itahitaji pa kukutania." Akanipa mkono. "Na wewe karibu sana harusini. Kuja na mama watoto."

Hakuna aliyepumua, si kwa pamoja wala kivyake.

Rispa akalikunja blanketi. "Mimi nitakuja, mzee. Huyu bwana simjui."

Njoroge alicheka mpaka ile shingo niliyoihangaikia siku zote hizi ikakwama tena.

Rispa alitangulia nyumbani, mimi nyuma, na hakugeuka hata mara moja. Nilipofika nikasikia komeo. Nikabisha.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Baba Beti. Rispa, fungua, watu wanaangalia."

"Samahani, bwana. Mume wangu hayuko, na mimi sifungulii wanaume nisiowajua."

Kule mferejini mtu akaangusha debe.

Nimejaribu kupumua. Vuta, shikilia, toa. Kila nikivuta naletewa harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ndani, na njaa inazidi. Nimepoteza ukumbi, nimepoteza wanafunzi, na mke wangu ananiita bwana. Na bado yule mzee simwamini sana. Bendi gani huhesabiwa madirisha?

Basi naomba msicheke. Na kama kati yenu kuna askari kanzu wa kweli, tafadhali apite hapa Makongeni kabla giza halijaingia, aniulize tena kama namjua huyu mama. Safari hii nitajibu kwa sauti, mpaka wa mferejini wasikie.