Sufuria ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe ametangaza: chumba chake cha mbele atampa mkwe mmoja afungue duka. Wakwe tuko wawili. Mimi, na mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea, na jana kampelekea geti jipya. Geti zima! Mtu hana haya. Lakini mkono mtupu haulambwi. Nami nitapeleka kitu.

Jumanne, 5 Machi
Nimesoma kitabu cha sayansi cha binti yangu. Ukitumbukiza chuma kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu, kinavaa shaba. Nimejaribu msumari. Umetoka mwekundu, unapendeza. Mke wangu kaonya kwamba mrututu ni sumu, nisiguse vyombo vya kupikia. Nimemwambia awe na subira.
Tuna sufuria kubwa ya mama mkwe, tuliyoazima zamani. Nitairudisha ikiwa ya shaba. Pambo la sebuleni!

Jumatano, 6 Machi
Sufuria imo karaini. Shaba inakuja kwa kusuasua. Binti amesema ile ni alumini, si chuma. Nimemjibu kwamba metali ni metali. Nimetia chumvi ya mezani kuharakisha mambo, nikaenda kunywa chai.
Nimerudi, karai linatoka povu na mvuke bila moto. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 7 Machi
Sufuria ina matundu. Ukiiinua unamwona jirani.
Nimempelekea mwanyumba kwa siri, azibe. Amecheka mpaka akakaa chini. Kasema hapo labda achomelee hewa. Nimemsihi asimwambie mtu. Ameapa.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe kaja asubuhi na mapema. Kiapo cha mwanyumba hakikulala. Nimejitetea kwamba ile sasa ni chujio. Akasema ndiyo aliyopikia harusi yetu. Hapo nimeona aibu kweli.
Ameichukua akapandie maua. Chumba kapewa mwanyumba. Mimi nimepewa kona ya nje, pembeni ya geti, niuze mkaa. Kasema mkaa hata mimi siwezi kuutoboa.

Jumamosi, 9 Machi
Kumbe! Kitabu kinasema mkaa na almasi vyote ni kaboni. Kinachokosekana ni joto na mgandamizo tu. Na mimi nimekabidhiwa gunia zima!
Nimeazima jeki kwa mwanyumba, nikamwambia gari limepata pancha. Sina gari. Nimepanga matofali, nikaweka jeki juu yake na kipande cha mkaa juu ya jeki, chini ya boriti ya paa la mama mkwe, jiko likiwaka kando. Nimepandisha.
Boriti imeanza kulia. Dalili njema.