Beberu wa Bi Mwanapili na Cheo Changu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kiti cha mkuu wa waendesha mashtaka wa kusini ki wazi! Bosi wetu wa Mombasa ameniambia mwenyewe kwa simu, ingawa alikuwa amempigia Beryl na mimi ndiye niliyepokea. Tunaokitaka ni wawili. Mimi, Abdulaziz, mzaliwa wa Waa, na Beryl, mwendesha mashtaka mwenzangu, mtu wa bara aliyekuja juzi tu na bado anakula wali kwa uma. Yeye ana kesi ya matapeli wa viwanja vya Diani, mafaili yamepanda hadi dirishani. Mimi nina kesi ya mbuzi.

Lakini mbuzi gani! Beberu wa Bi Mwanapili wa kisiwani Kijiweni, aliyepotea akaja kuonekana amefungwa uani kwa jirani yake aitwaye Waziri. Tangu siku hiyo hawapeani salamu, na kisiwa kizima kimegawanyika. Mpango wangu ni huu: Alhamisi mahakama tembezi inakwenda huko huko, na bosi nimemwalika. Ataniona nikimtia mtu hatiani mbele ya umma. Beryl na makaratasi yake, buriani!

Jumanne, 16 Septemba

Askari walitaka kumpiga picha beberu, picha hiyo iwe ndiyo kizibiti. Nikakataa katakata. Kizibiti ni beberu mwenyewe! Nimeagiza akae kwa Bi Mwanapili mpaka siku ya kesi, kisha aingizwe kortini kwa kamba, pembe zikimeremeta. Hakimu ataguswa, bosi ataguswa, hata mimi nimeanza kuguswa.

Beryl akanishauri nipige japo picha moja kwa simu, eti mbuzi anaweza asiifikie tarehe ya kesi. Husuda hiyo! Nikamjibu kwa upole kwamba sisi wa pwani tunawajua watu wetu. Akasema sawa bosi, kwa ile sauti yake. Basi nikamwambia chombo cha Alhamisi kinaondoka Shimoni saa nne. Kinaondoka saa tatu. Roho hainisuti hata kidogo.

Jumatano, 17 Septemba

Nimetangulia kisiwani kuwatia moyo mashahidi. Lo, mapokezi! Sijapata kuheshimiwa hivi tangu nizaliwe. Kumbe sifa zangu zimevuka maji! Sijavua viatu vizuri nimeshavutwa barazani, pilau limepakuliwa, harufu ya bizari imejaa mtaa mzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wakaniketisha kwenye sinia moja na Bi Mwanapili upande huu na Waziri upande ule. Mlalamikaji na mshtakiwa, wote wananigombania mimi! Bi Mwanapili akaniita mwanangu, akanisukumia maini. Waziri akanichagulia minofu. Nyama laini, haihitaji meno. Nilitaka kuuliza habari za beberu, lakini penye sinia mtu muungwana hazungumzi mambo ya korti. Adabu zangu ndizo zinazonipambanua na Beryl.

Baada ya kula, imamu akaomba dua ndefu. Nikainua mikono, nikaitikia amina kushinda wote. Kisha wakaniomba neno. Nikazungumza juu ya amani, ujirani mwema na kusameheana. Wakalia! Waziri alinikumbatia. Maskini, hajui kesho nitamfanya nini.

Alhamisi, 18 Septemba

Sina hamu.

Kwanza, Beryl alikuwa amefika zamani. Bosi alimchukua katika boti yake, wakaja wakicheka njia nzima. Haidhuru. Korti ilikaa katika darasa la shule, watu wamejaa mpaka madirishani. Nikasimama, nikakohoa, nikaamuru kizibiti kiingizwe.

Hakikuingia kitu.

Nikaamuru tena. Bi Mwanapili akainuka, akamwomba radhi mheshimiwa hakimu, Bi Hasina, akasema kesi hakuna, wamekwisha kusuluhiana. Na beberu je? Beberu ameliwa jana. Akaeleza kwamba kwao kitu kilichogombaniwa hakiachwi kikaishi kuendeleza fitina. Wagombanao hukila pamoja, sinia moja, na mgeni anayeketi kati yao ndiye shahidi wa sulhu. Bi Hasina akauliza shahidi huyo ni nani.

Kisiwa kizima kilininyooshea kidole! Waziri, kwa furaha, akaongeza kwamba maini niliyamaliza peke yangu na hotuba nilitoa mimi.

Nikahamishwa kutoka meza ya mashtaka, nikaapishwa. Ndiyo, nilikula. Ndiyo, niliitikia dua. Bi Hasina akauliza kama beberu alikuwa mtamu. Nifanye nini, nami nimeapa? Nikasema alikuwa mtamu sana. Beryl akatoka nje akidai ana kikohozi. Kesi ikafutwa, Bi Mwanapili na Waziri wakapeana mikono, vigelegele vikapigwa. Bosi hakunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumamosi, 20 Septemba

Kiti amepewa Beryl. Nililia, nasema kweli, nililia chooni bomba likiwa wazi ili mke wangu, Chiku, asinisikie. Lakini Mungu si Athumani! Beryl amenikabidhi kesi ya Majoreni, ya jogoo aliyeibwa, na inasikizwa Jumatatu. Nikishinda hii, kiti kitarudi kwa mwenyewe.

Safari hii sichezewi. Jogoo hatalala kwa mlalamikaji wala kwa askari. Nimemleta nyumbani kwangu, nimemfunga kwenye mguu wa meza ya jikoni. Picha sijapiga, picha ni za waoga. Chiku aliniuliza jogoo mkubwa vile ni wa nini, akanikumbusha kwamba mama yangu na dada zangu wanakuja kesho kula mchana. Nikamwambia siri za serikali hazizungumzwi nyumbani, na mambo ya jikoni asinisumbue. Akatabasamu, akasema nisiwe na wasiwasi, amenielewa. Huyo ndiye mke!

Sasa namsikia akimwita jirani yetu Salimu aje na kisu chake. Sijui cha nini, wala sina nafasi ya kuuliza. Niko katikati ya hotuba ya ushindi.