Maji ya Kijani Kwenye Rejeta

Jumamosi, 14 Oktoba
Mama mkubwa Kumush yuko taabani kule Talas. Mama anataka amkute dada yake hai, amwombe radhi kwa jambo la zamani. Nimeapa kumpeleka keshokutwa kwa gari langu. Binamu yangu Sagyn akajitolea kutupeleka kwa lake jipya. Huyu Sagyn na wema wake! Nikamwambia asante, gari tunalo.

Jumapili, 15 Oktoba
Sagyn kaja kukagua. Akahakikisha injini imepoa, akafungua boneti. Chupa ya rejeta tupu. Kweli, kiangazi chote nimeongeza maji tu. Akasema maji matupu yataganda usiku, nimwage yote nitie kulanti, ile dawa ya kijani isiyoganda, ifike kati ya alama ya chini na ya juu. Na kifuniko nisikiguse injini ikiwa ya moto. Akanipa dumu lake. Nikakataa, nikasema ninayo ndani. Basi tia, kaka, akasema, nitapita jioni kuangalia.
Sina. Akili ninayo. Maji ya mfereji, kijiko cha rangi ya kijani ambayo mama hutilia sufu ya mazulia. Jioni Sagyn kachungulia, kasema safi kabisa, kaondoka na dumu lake. Nimecheka peke yangu.

Jumatatu, 16 Oktoba
Asubuhi baridi ya kukata masikio. Tukiupanda mlima wa Otmok, gari likachemsha. Mama akasema tusubiri lipoe. Nani wa kusubiri? Nikafungua rejeta kwa kofia yangu. Kifuniko kikaruka, mvuke ukanibabua mkono mpaka kiwikoni. Chini barafu, juu maji yanatokota. Nikamimina chai ya maziwa ya mama, chupa nzima. Gari halikuwaka tena.
Mama akataka tuombe lifti. Nikakataa, litawaka tu. Malori yakapita, saa zikapita. Mwishowe mama, mzee wa watu, akasimama mwenyewe katikati ya barabara, akasimamisha lori la makaa.
Tulisikia vilio kabla ya kufika getini. Mama mkubwa alikata roho adhuhuri. Mpaka mwisho alikuwa akiuliza kama gari limefika. Mama akaketi kwenye hema la msiba kando ya maiti, akaomba radhi yake, akairudia tena na tena. Nilishindwa kusikiliza. Nimelia sana.

Jumatano, 18 Oktoba
Tumezika. Sagyn amekuja. Anashangaa kulanti aliyoiona kwa macho yake imegandaje. Nikamwambia itakuwa feki, siku hizi kila kitu feki. Akajilaumu kwa kutoniachia dumu lake. Akalia mbele za watu. Nikampigapiga mgongoni, nikamwambia yaishe, nimemsamehe.

Ijumaa, 20 Oktoba
Mama ananipaka mafuta ya kondoo mkononi. Akaniuliza kama ile ilikuwa kulanti kweli. Kweli mama, nikamwambia, Sagyn shahidi. Akafunga kitambaa polepole. Kisha akasema Sagyn hali wala halali kwa kujilaumu, na yuko mtu anayeweza kumtua mzigo ule kwa neno moja, wakati wote wawili wangali hai.
Nikafikiri sana. Nikamwambia labda mullah.
Mama akageukia ukutani. Huzuni bado inamsumbua. Arobaini nitamleta mwenyewe, gari litakuwa limepona. Anasema atakuja na Sagyn. Sijui kamlisha nini.